Nani Humsemea Mtoto? Mabadiliko ya Mtazamo wa Utoto katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu linalosema kwamba Maimuna wa Utengano alipotoka kwa kuwa hakuwatii wazazi, na kwamba wahenga hawakukosea waliponena asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jina la mhusika ni sahihi. Methali ni sahihi. Sarufi haina kasoro. Pengine ulitia alama ya vyema ukaendelea na karatasi nyingine.

Hata hivyo, hebu tuirejelee riwaya yenyewe. Said Ahmed Mohamed, aliyeichapisha mwaka 1980, anamchora Bwana Maksuudi akiwa mzazi anayemfungia bintiye ndani ya nyumba huku yeye mwenyewe akitenda nje ya nyumba hiyo maovu anayodai kumkinga nayo. Lawama nzito katika riwaya inamwelekea baba. Mtahiniwa wetu ameiweka kando hukumu ya mwandishi na kuikalisha methali mahali pake, na methali hiyo inamtetea yule yule ambaye mwandishi anamshtaki.

Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na mazoea yetu ya kufundisha "malezi" kama dhamira moja isiyobadilika, inayoweza kupachikwa katika utenzi wa karne ya 19, riwaya ya miaka ya 1970 na riwaya ya 2017 kwa maneno yale yale. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mtazamo wa utoto katika fasihi yetu umepitia mabadiliko, na kwamba njia rahisi ya kuyafuatilia ni kuuliza nani anasema na nani anasemewa. Mtoto ameanza akiwa msikilizaji wa wosia, akawa ushahidi dhidi ya wakubwa, kisha akawa msimulizi. Katika safari hiyo amepata kitu na kupoteza kingine.

Mtoto ni Nani?

Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika mwaka 2002, ilieleza kwamba mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake imekidumisha kipimo hicho. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na iliuridhia mapema, mwaka 1990.

Jamii zetu za kale hazikupima utoto kwa kuhesabu miaka. Zilitazama mwili, kazi na miviga. Mvulana aliyetoka jandoni alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine, hata kama wenzake wa rika hilo leo wangali shule ya msingi. Lugha yenyewe ni shahidi. Kiswahili kina mtoto mchanga, kina kigoli, yaani msichana ambaye hajavunja ungo, kina mwari, kina barobaro. Kila jina linataja kituo katika safari, na kila kituo kilikuwa na mafunzo na mipaka yake.

Jambo hili lina uzito katika uhakiki. Mwaka 1960 mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alichapisha kitabu kilichodai kwamba Ulaya ya Enzi za Kati haikuwa na dhana ya utoto kama kipindi cha pekee cha maisha. Wanahistoria waliomfuata walilipinga dai hilo kwa ushahidi mwingi. Hata hivyo, swali lililo nyuma yake lingali na manufaa: je, utoto ni suala la maumbile tu, au pia huundwa na jamii? Ukiliuliza swali hilo kwa Kiswahili, utaona kwamba wazee wetu hawakukosa dhana ya utoto. Walikuwa na utoto wa hatua nyingi. Sheria ya kisasa imezikusanya hatua hizo katika jina moja, na faida yake ni kubwa, kwani mzazi hawezi tena kumwoza msichana wa miaka 15 kwa hoja kwamba amekwisha kuwa mwari. Lakini mhakiki anayesoma utungo wa kale hana budi kukumbuka kwamba msichana anayehutubiwa humo huenda alikuwa mtoto kwa kipimo chetu, na mtu mzima mtarajiwa kwa kipimo cha waliomzunguka.

Methali za Mchana, Hadithi za Usiku

Wengi hudhani kwamba katika fasihi simulizi mtoto alikuwa wa kutii tu. Ukizitazama methali peke yake, utakubaliana nao. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Zichunguze kisarufi. "Mkunje" ni amri, na anayeamriwa ni mkubwa. Katika "umleavyo", mtenda ni wewe mzazi, na mtoto ameingizwa kwa kiambishi cha mtendwa. Kitenzi anachoachiwa mtoto mwenyewe ni kukua, na hata huko kukua kumefungwa na namna alivyolelewa. Katika methali ya tatu, kilio cha mtoto ni kitu cha kuvumiliwa na mzazi kwa faida ya baadaye. Si ajabu kwamba methali hiyo ilitajwa mara nyingi kutetea kiboko, na kwamba ingali inatajwa miaka mingi baada ya serikali ya Kenya kupiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001.

Sasa ngoja jioni iingie. Mtoto yule yule aliyeshinda akiambiwa atii anaketi kumsikiliza bibi akimsimulia hadithi ya Sungura. Sungura ni mdogo. Wanaomzunguka, Fisi, Simba na Ndovu, ni wakubwa kwa mwili na kwa cheo. Sungura hadanganyi kidogo tu, hadanganyi kwa aibu, na aghalabu hushinda. Kama ngano ni chombo cha malezi, bibi huyu anafunza nini? Anamfunza mtoto kwamba ukubwa si haki, na kwamba mnyonge ana akili ya kujiokoa. Methali na ngano zimetoka katika jamii moja, pengine hata katika kinywa kimoja, ila hazina msimamo mmoja kuhusu mdogo na mkubwa.

Vitendawili vinakwenda mbali zaidi. Anayesema "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!" ndiye mwenye baraza kwa wakati huo, hata kama ana miaka minane na anayejaribu kutegua ni babu yake. Babu akishindwa, mtoto anadai mji, naye babu hana budi kuutoa. Ni mahali pachache katika maisha ya kila siku ambapo mdogo alikuwa na haki ya kumuuliza mkubwa, kumsahihisha na kumtoza. Mtahiniwa anayeandika kwamba umuhimu wa vitendawili ni "kukuza fikra" hajakosea, ila ameliacha nje jambo hili la mamlaka.

Yafaa pia kutofautisha fasihi inayotungwa kwa ajili ya watoto na ile inayotungwa na watoto. Bembezi huimbwa mbele ya mtoto, lakini huwa na mengi ya mama au yaya mwenyewe: uchovu, upweke, mume aliye mbali. Mtoto anayebembelezwa hajui maneno hayo. Michezo ya watoto, ambayo katika vitabu vyetu huwekwa chini ya maigizo, ni yao wenyewe. Wao ndio watunzi, waigizaji na hadhira.

Mtoto Msikilizaji

Tukiingia katika fasihi andishi, tunamkuta Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha kuhusu dini, adabu, usafi, utunzaji wa nyumba na mwenendo wa mke kwa mumewe. Mwanzoni mwa utendi mama anamwita binti aje aketi karibu, na kwamba pawe na wino na karatasi.

Hebu tulitafakari tukio hilo. Binti yuko karibu na vifaa vya kuandikia. Ana jina, ana nafasi ya heshima, na ndiye sababu ya utendi kutungwa. Lakini hatumsikii akisema neno. Hatujui alikubali lipi na lipi lilimtia shaka. Kazi yake katika utendi ni kupokea.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuusoma utendi huu kama mfano wa ukandamizaji wa mtoto wa kike na kuishia hapo. Ningekusihi usikimbilie hukumu hiyo. Mwana Kupona alikuwa mjane, mumewe, mtawala wa Siyu, akiwa amekufa miaka michache kabla, naye mwenyewe hakuishi muda mrefu baada ya kutunga. Kwa mzazi aliye katika hali hiyo, wosia ulikuwa mali ya kumwachia mtoto, tena mali isiyonyang'anyika. Unaweza kulikosoa lile analofunza kuhusu mume na mke, na vilevile ukatambua upendo unaomsukuma. Jibu bora la mtihani hubeba yote mawili.

Shaaban Robert aliuendeleza mkondo huu katika karne ya 20. Alimtungia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Hapa mzazi anayeusia ni baba, na mtoto wa kiume naye anaketishwa chini kuonywa. Hata hivyo, mpangilio wa sauti haujabadilika. Mzazi anasema, mtoto anasikiliza.

Mtoto kama Ushahidi

Miaka ya 1970 ilileta riwaya zilizomtazama mtoto kwa jicho jingine. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi anayempiga bintiye vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana anakua akiwaogopa wanaume, na anapofika mahali pasipo na mlinzi, hana silaha ya ndani ya kujilinda nayo. Mwisho wake ni kujitoa uhai. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania.

Mwaka 1976 Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema, ambamo msichana anakataliwa na baba na kuteswa na mama wa kambo hadi anatoroka. Miaka minne baadaye ikaja Utengano. Tazama kilichotukia: wosia umegeuzwa. Katika utendi, mkubwa alimhoji mdogo kuhusu mwenendo wake wa baadaye. Katika riwaya hizi, maisha ya mdogo yamekuwa ushahidi wa kumhoji mkubwa. Ile methali ya samaki mkunje imewekwa kizimbani, maana Zakaria na Maksuudi walikunja kweli kweli, na samaki akavunjika.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, wahusika wote watatu ni wasichana. Utoto wa msichana ulimalizika mapema zaidi na kulindwa kwa ukali zaidi, kwa hiyo ndiko unafiki wa wakubwa ulikojitokeza waziwazi. Pili, riwaya zote tatu zimesimuliwa katika nafsi ya tatu. Mwandishi anamtetea mtoto kwa nguvu zote, lakini anamtetea jinsi wakili anavyomtetea mteja wake. Mteja amekaa kimya, vidonda vyake vinaonyeshwa, na wakili ndiye anayezungumza. Tena, mteja analipa gharama kubwa. Rosa anakufa ili hoja dhidi ya Zakaria ikamilike.

Mtoto Msimulizi

Ken Walibora alipochapisha Siku Njema mwaka 1996, alifanya jambo ambalo watahiniwa wengi wa miaka ile walilipenda bila kujua kwa nini. Alimwacha Kongowea Mswahili asimulie mwenyewe. Mvulana wa Tanga aliyelelewa na mama mwimbaji wa taarabu, akafiwa na mama huyo, akateswa na waliobaki, anatuongoza kwa nafsi ya kwanza hadi magharibi mwa Kenya anakomtafuta baba. Uonevu aliotendewa hatuambiwi na mtu mwingine.

Lakini kuwa makini. Anayesimulia ni mtu mzima anayekumbuka. Lugha yake ya kupendeza, iliyojaa tamathali na misemo, si lugha ya mtoto wa darasa la nne. Ukiulizwa kuhusu nafsi ya kwanza katika Siku Njema, tofautisha mtoto aliyeyapitia mambo na mtu mzima anayeyasimulia.

Historia hii, kwa kweli, haiendi kwa mstari ulionyooka. Katika Kidagaa Kimemwozea, cha mwandishi huyo huyo, kilichotoka mwaka 2012, kuna mtoto mchanga anayetupwa mlangoni pa Amani. Mtoto huyo anaitwa Uhuru, naye anakufa. Hapa mtoto amerejea kuwa ishara. Jina lake ni la taifa, kifo chake ni cha matumaini ya taifa, na yeye hana umri wa kusema. Matumizi hayo ni halali kisanaa, ila mtahiniwa akumbuke kutaja pia kisa cha kawaida kilicho chini ya ishara hiyo: msichana wa shule aliyezaa na mtawala, na mtoto mchanga aliyekosa matunzo.

Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyotoka mwaka 2017, imefika mbali zaidi katika suala la sauti. Katika shule ya Tangamano, Umu, Chandachema, Zohali, Mwanaheri na Kairu wanasimuliana yaliyowakuta. Kuna mtoto aliyefanya kazi katika shamba la majanichai, kuna aliyeishi mitaani, kuna aliyeibiwa ndugu zake na kijakazi. Mtoto anamsimulia mtoto mwenzake. Hakuna mzazi anayeusia wala wakili anayetetea. Msikilizaji naye ana kisa chake, na anapata faraja kwa kujua kwamba hayuko peke yake.

Kumbuka pia kwamba riwaya hii imeandikwa baada ya mkataba, baada ya sheria na baada ya Katiba ya mwaka 2010. Haki zimeandikwa, na bado Dick analazimishwa kubeba dawa za kulevya. Matei anatuonyesha umbali uliopo kati ya haki iliyo kwenye karatasi na mtoto aliye barabarani. Kwa hiyo usiandike kwamba zamani watoto walionewa na siku hizi wanathaminiwa. Riwaya yenyewe itakukana.

Mchezo Umekwenda Wapi?

Sasa tutazame kilichopotea. Pitia tena orodha ya vitabu tulivyovitaja na utafute mtoto anayecheza. Utawapata wanaopigwa, wanaotoroka, wanaofanya kazi, wanaolia na wanaosimulia. Mtoto anayecheza, akishindana, akicheka na kubuni ni nadra, na akiwapo hupita kwa haraka kabla ya balaa kuanza. Fasihi andishi ilimpa mtoto sauti kwa sharti kwamba aizungumzie dhiki yake.

Sababu zake zinaeleweka. Vitabu vinavyoteuliwa kwa shule za upili hutakiwa kubeba maswala mazito, na mateso ya mtoto ni swala zito. Lakini mtoto si jumla ya mateso yake. Anayejua kibe, kati na bano anajua pia kutunga kanuni, kuzisimamia na kuzibadilisha wengi wakikubaliana. Wanaocheza baba na mama, mchezo unaoitwa kalongolongo katika mitaa mingi ya Nairobi, huwa wanawahakiki wakubwa wao. Mtoto anayeigiza baba akiingia nyumbani akifoka amesema kwa dakika tano jambo ambalo mwandishi angelitolea sura nzima.

Ndiyo maana napendekeza, mwalimu, kwamba mada ya michezo ya watoto isifundishwe kwa orodha ya sifa na umuhimu pekee. Watume wanafunzi wakausanye mchezo mmoja kutoka kwa wadogo zao. Waandike unachezwa wapi, na nani, kwa kanuni gani, kwa maneno gani, na umebadilikaje tangu wao wenyewe walipoucheza. Watajifunza mbinu za utafiti wa nyanjani, nao watagundua kwamba watoto wana fasihi yao iliyo hai.

Neno kwa Mtahiniwa

Nawe mtahiniwa, huenda hujatimiza miaka 18. Kisheria u mtoto, na vitabu hivi vinakuhusu kuliko vinavyomhusu mwalimu wako. Usiviandikie kama mzee anayewaonya vijana. Ukiulizwa kuhusu malezi au nafasi ya mtoto, jiulize kwanza maswali haya: Kazi hii ni ya mwaka gani, na jamii yake ilipimaje utoto? Anayesimulia ni nani, mtoto, mtu mzima anayekumbuka, au msimulizi wa nje? Hukumu ya mwandishi inamwangukia nani? Methali unayotaka kuitumia inakubaliana na hukumu hiyo au inaipinga?

Ukiyafuata maswali hayo, Maimuna hutamvunja guu kwa methali. Utaandika kwamba alifungiwa na mzazi asiyekuwa na maadili aliyoyadai, kwamba alifanya maamuzi yaliyomtumbukiza taabani, na kwamba mwandishi anauliza ni nani aliyeanza kukosa. Hilo ni jibu linalotoka ndani ya kitabu.

Maswali ya Mazoezi

1. "Mzazi anasema, mtoto anasikiliza." Jadili ukweli wa kauli hii kwa kurejelea utendi mmoja na riwaya moja uliyoisoma.

2. Linganisha nafasi ya mdogo katika methali tatu na katika ngano moja ya Sungura. Je, zina msimamo mmoja?

3. Eleza athari ya nafsi ya kwanza katika usawiri wa utoto katika Siku Njema.

4. Kusanya mchezo mmoja wa watoto katika eneo lako, kisha ueleze unavyowahakiki watu wazima.